Masimulizi ya Uponyaji katika Injili ya Marko na Sifa za Asklepios: Ulinganisho wa Fani na Dhima

1.0 Utangulizi

Neno aretalojia hutumika kutaja usimulizi wa Kigiriki unaoeleza matendo makuu ya mungu kwa lengo la kumsifu. Mwaka 1965, Moses Hadas na Morton Smith walizihusisha Injili na usimulizi huo. Mwaka 1973, Howard Clark Kee alipinga dai kwamba aretalojia ilikuwa utanzu mmoja wenye umbo bainifu. Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kulinganisha visa vichache.

2.0 Kufanana kwa Fani

Mabamba ya mawe ya karne ya 4 K.K. katika hekalu la Asklepios huko Epidauros yamehifadhi visa vipatavyo 70. Kwa kawaida kisa hutaja mgonjwa, maradhi yake, njozi aliyoiona alipolala hekaluni, na kupona kwake. Katika Marko 5:25-34 pia, muda wa ugonjwa, yaani miaka 12, hutajwa kabla ya uponyaji na uthibitisho wake. Hata taswira hukaribiana. Alketas wa Halieis, aliyekuwa kipofu, kwanza aliona miti ya hekaluni. Kipofu wa Bethsaida (Marko 8:22-26) kwanza aliona watu wanaofanana na miti.

3.0 Tofauti ya Dhima

Kufanana huko hakuthibitishi kuwa Marko aliiga, kwani mfuatano wa ugonjwa, tiba na uthibitisho hutokana na mada yenyewe. Tofauti ya msingi imo katika nafasi ya imani. Ambrosia wa Athens aliyacheka masimulizi ya hekaluni, lakini aliponywa. Alitakiwa tu kutoa nguruwe wa fedha awe ukumbusho wa ujinga wake. Hapa muujiza humshinda mkanushaji, nayo sadaka hueneza sifa za mungu. Katika Marko 6:5-6, kinyume chake, kutoamini kwa watu wa nyumbani kwa Yesu kunaandamana na uchache wa miujiza. Aidha, katika 1:44 aliyetakaswa anakatazwa kusimulia, ingawa katika 5:19 mwingine anaagizwa kutangaza.

4.0 Hitimisho

Mabamba ya Epidauros yaliwakabili wagonjwa waliofika kutafuta tiba, na kila kisa kilijitosheleza. Visa vya Marko ni sehemu ya masimulizi marefu yanayoelekea msalabani. Kwa hiyo sifa ya mponyaji haikamiliki katika muujiza. Basi, fani inaweza kuwa ya pamoja ilhali dhima zinatofautiana, na utanzu hauwezi kuamuliwa kwa umbo peke yake.