Muhogo unaoza ardhini, simu itasaidia?

Swali: Ninaishi Buzuruga, shamba langu la muhogo liko Misungwi. Majani yanapendeza, lakini nikichimba nakuta mizizi imeoza kwa ndani. Mwanangu anasema akili bandia ya kwenye simu hutambua ugonjwa. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, mama. Programu hiyo ni Nuru, ya mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Ilifunzwa kwa picha za majani, nyingine kutoka Bagamoyo, na ukiwa shambani haihitaji intaneti.

Dalili ulizoeleza zinaelekea kwenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu unaniuma kuliko yote, kwa sababu unakula akiba ya familia ukiwa umejificha. Piga picha majani ya chini yaliyokomaa, siyo machanga, na ukague mimea kadhaa. Simu isipoona kitu, amini kisu: pasua mzizi.

Ila simu haiponyi. Ng'oa mimea iliyougua, na usipande tena pingili za shamba hilo. Ugonjwa huenezwa na pingili hizo na inzi weupe. Nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, huko huko Misungwi, uulizie pingili safi za aina zinazostahimili.