Kompyuta Mpakato Inapoelemewa Baada ya Kusasishwa

Tumchukue karani wa chama cha msingi cha ushirika katika kijiji kimojawapo cha pwani ya Mtwara. Ni mwezi Oktoba, korosho zimeanza kufika ghalani. Jana jioni kompyuta yake mpakato ilimwomba aiwashe upya ili ikamilishe sasisho, naye akaridhia. Leo asubuhi feni inavuma mfululizo, kishale kinasitasita, na jedwali la uzito wa magunia lililokuwa likifunguka kwa sekunde chache sasa linachukua dakika nne. Wakulima wamepanga mstari wakisubiri stakabadhi zao. Mtu wa kwanza kuulizwa anajibu bila kusita: "Hiyo imeingia virusi. Ipeleke mjini ikapigwe Windows."

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, kupiga Windows ni kuufuta mfumo wa kompyuta na kuuweka upya, na kazi hiyo ikifanywa kabla ya kunakili kumbukumbu, majedwali ya msimu mzima huweza kupotea. Katika hali nyingi za namna hii kompyuta haina ugonjwa wowote. Ina kazi ambayo haijaimaliza. Katika somo hili tunaeleza kazi hiyo ni ipi, mtumiaji aione vipi kwa macho yake, na ni wakati gani inafaa kumwita fundi. Maelezo yetu yanahusu Windows 10 na Windows 11.

Kazi inayobaki baada ya sasisho

Skrini inapoandika asilimia 100 na kompyuta ikafunguka, mtumiaji hudhani kwamba sasisho limekwisha. Kwa hakika kilichokwisha ni sehemu ile tu ambayo haikuweza kufanyika kompyuta ikiwa inatumika. Sehemu iliyobaki huendelea chinichini, kama mwenye duka aliyepokea shehena mpya: wateja wameanza kuingia, naye bado anapanga bidhaa nyuma ya rafu.

Kazi hizo zina majina, na majina hayo huonekana kwenye skrini. Windows Modules Installer Worker huweka vipande vya sasisho mahali pake na baadaye kuondoa vya zamani. Antimalware Service Executable ni mlinzi wa ndani wa Windows, ambaye hukagua mafaili. Ipo programu nyingine, .NET Runtime Optimization Service, ambayo huandaa upya maktaba zinazotumiwa na programu zako ili zifunguke haraka. Hiyo huweza kuishughulisha prosesa kwa muda kisha ikanyamaza yenyewe. Halafu kuna Windows Search, ambayo hutengeneza faharasa ya mafaili ili utafutaji uwe wa haraka. Mwenye picha na nyaraka nyingi ataiona ikifanya kazi kwa muda mrefu zaidi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo chanzo kikubwa cha usumbufu huu katika maeneo yetu. Kazi hizi zimepangwa zifanyike wakati mwenye kompyuta haitumii, nayo ikiwa imeunganishwa na umeme. Muda uliowekwa tangu awali kwa matengenezo ya Windows ni saa 8 usiku. Aliyeuweka alifikiria ofisi ambayo kompyuta huachwa ikiwaka usiku kucha. Karani wetu hafanyi hivyo. Ikifika saa 11 jioni anafunika kompyuta, nayo hulala. Au anaizima kabisa ili kulinda betri na kupunguza matumizi ya luku. Asubuhi anapoifungua, kazi ya jana inaanza tena pale ilipoachwa, wakati uleule anapoihitaji. Anaiona nzito, anaizima kwa hasira, na siku ya tatu anaambiwa kwamba imeharibika. Usiku mmoja tu wa kuiacha iwake, ikiwa kwenye umeme na kifuniko kikiwa wazi, mara nyingi ungetosha.

Kwa hiyo hatua yetu ya kwanza haina gharama. Hifadhi ulichokuwa ukiandika, kisha chagua Restart, siyo Shut down. Tofauti yake si ndogo: katika kompyuta nyingi za Windows, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili uwakaji wa kesho uwe wa haraka, ilhali Restart huanza kila kitu upya. Baada ya hapo iunganishe na umeme, nenda kwenye mipangilio ya nguvu, izuie isilale, na uiache usiku huo. Kama kompyuta yako ina diski ya kizamani inayozunguka, ipe hata usiku wa pili.

Kutazama kabla ya kulipa

Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Likionekana dogo lisilo na takwimu, bonyeza More details. Utaona safu za CPU, Memory na Disk, kila moja na asilimia yake. Bonyeza kichwa cha safu yenye asilimia kubwa, na programu inayotumia zaidi itapanda juu ya orodha. Usifunge chochote bado. Andika jina lake kwenye karatasi pamoja na saa, kisha rudi baada ya saa moja uandike tena. Karatasi hiyo ina thamani kubwa kuliko maelezo ya mdomo, kwako na kwa fundi pia.

Faharasa ya utafutaji ina kipimo chake. Katika mipangilio, kwenye ukurasa wa Searching Windows, huonyeshwa idadi ya mafaili yanayosubiri, chini ya neno Pending. Idadi hiyo ikipungua kutoka asubuhi hadi jioni, kazi inasonga na hupaswi kuingilia. Ikiganda palepale siku nzima huku kompyuta ikiwa imepumzika, ukurasa wa mipangilio ya faharasa una nafasi ya kuijenga upya.

Tahadhari moja kuhusu orodha hiyo ya Task Manager. Ukifungua sehemu ya Details utakuta jina System Idle Process likiwa na 80, 90 au zaidi. Wapo wanaoshtuka, na wapo wanaoshtuliwa na wengine ili walipe. Namba hiyo hupima nafasi ya prosesa isiyotumika. Ikiwa kubwa, prosesa yako imepumzika.

Ikiwa safu iliyojaa ni Disk wakati CPU iko chini, tatizo huwa kwenye diski yenyewe. Kompyuta nyingi zilizotumika ambazo huuzwa madukani bado zina diski zenye sahani inayozunguka, na kichwa chake cha kusomea hulazimika kukimbia huku na huko kila programu mbili zinapoomba mafaili kwa pamoja. Sasisho huomba maelfu ya mafaili madogo. Kwa kompyuta ya aina hiyo, fedha ya kupiga Windows kila baada ya miezi michache ingetumika vizuri zaidi kununua diski ya SSD mara moja. Na ikiwa iliyojaa ni Memory, nayo ina gigabaiti 4 tu, basi hakuna programu ya kulaumiwa: hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11, na kompyuta itaendelea kuwa nzito hata sasisho likiisha. Ongeza RAM kama muundo wake unaruhusu.

Joto, umeme na kifurushi

Kuanzia Novemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, vyumba vya Mikindani, Msimbati na Msanga Mkuu huwa na joto na unyevu hata usiku. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na kwa sababu hiyo kazi ya saa mbili huweza kuwa ya saa tano. Weka kompyuta juu ya meza, kamwe si juu ya godoro au mkeka, na uache nafasi upande wa feni. Mchanga laini wa pwani na hewa ya chumvi huziba na kula sehemu za ndani. Kusafishwa feni na fundi ni gharama ndogo.

Umeme ukikatika wakati kazi za chinichini zinaendelea, betri nzima itakuvusha. Hatari kubwa ni pale skrini inapoandika kwamba usizime kompyuta. Kama betri yako haidumu hata nusu saa, usikubali sasisho likamilishwe siku ambayo umeme unayumba.

Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambapo kwetu huwa ni saa 2 au saa 3 usiku. Hivyo Jumatano inayofuata si asubuhi ya kupangia kazi isiyoweza kungoja. Windows inaruhusu masasisho yasimamishwe kwa muda, hadi wiki 5, na karani aliye katikati ya msimu anaweza kusimamisha kwa wiki moja. Hatushauri kuyazima kabisa, wala kumzima yule mlinzi wa ndani ili kompyuta iwe nyepesi.

Wanaotumia intaneti ya simu wana gharama nyingine. Sasisho la mwezi huweza kufikia mamia ya megabaiti, na kuhamia Windows 11 huhitaji gigabaiti kadhaa. Fungua mipangilio ya mtandao unaoutumia, uwashe kipengele cha Metered connection, ili kompyuta ijue kwamba kila megabaiti inalipiwa. Walio karibu na mpaka, kwa mfano Kilambo na Mahurunga, wazime kwenye simu huduma ya kutumia mtandao wa nchi nyingine kabla ya kuigawia kompyuta intaneti. Simu ikishika mnara wa ng'ambo ya Ruvuma, sasisho litapakuliwa kwa bei ya ugenini. Unapotaka kulalamika kwamba kifurushi kimeisha ghafla, tazama kwanza ukurasa wa Data usage, unaoonyesha kila programu imetumia kiasi gani. Hesabu zisipolingana, peleka picha ya ukurasa huo kwa mtoa huduma wako. Asipokupa jibu la kuridhisha, lalamiko hilo hufikishwa kwetu katika Mamlaka.

Pale ambapo si sasisho

Sasisho la kweli huja kupitia mipangilio ya Windows. Tangazo linalojitokeza ukiwa kwenye tovuti, likikuambia upakue sasisho au programu ya "kusafisha" kompyuta, lifunge. Shaka pia programu yenye jina usilolijua inayotumia prosesa siku baada ya siku, hasa ikiwa inanyamaza kila unapofungua Task Manager: zipo programu haribifu zinazotumia kompyuta za watu kuchimba sarafu za kidijiti na kujificha kwa namna hiyo. Mlango wao mmojawapo ni vifaa vya kuvunja leseni, ambavyo huwekwa pamoja na Windows isiyo halali na humtaka mtumiaji azime ulinzi kwanza. Uchunguzi kamili wa Windows Security ndiyo hatua ya kuanzia.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena masasisho ya bure ya kawaida, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji binafsi umewekewa ukomo wa Oktoba 2026. Wengi wamehamia Windows 11. Uhamisho huo hubadilisha mfumo mzima, kwa hiyo kazi ya chinichini baada yake ni ndefu kuliko ya sasisho la mwezi. Kwa siku 10 mfumo wa zamani hubaki umehifadhiwa, na mtumiaji anaweza kurudi nyuma kupitia mipangilio. Anayekuambia siku ya tatu kwamba dawa pekee ni kufuta kila kitu, mkumbushe jambo hilo.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, nakili kwanza kumbukumbu zako kwenye diski ya nje. Mwachie maandishi mafupi yanayotaja tatizo, kazi mliyokubaliana na bei, pamoja na sharti kwamba hatafuta chochote bila idhini yako. Dai risiti. Akibadilisha diski, chukua ile ya zamani, kwa kuwa ina majina na hesabu za watu wengine. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama ulimpa nywila, ibadilishe siku unayoichukua kompyuta. Mwisho, kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa msimbo. Diski ikihamishwa au ubao mama ukibadilishwa, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao aghalabu huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute na uuandike kwenye daftari kabla kompyuta haijatoka mikononi mwako.