Kompyuta ya Zamani, Mchezo wa Leo: Namna ya Kuipanga Isikwame

Katika nyumba nyingi za wadi ya Chala kompyuta ni moja, na kazi zake ni nyingi. Mchana mzazi huitumia kuandika hesabu za ndizi zilizopelekwa soko la Taveta, au kuwasilisha taarifa za ushuru kwa KRA. Jioni mwanafunzi hufungua ukurasa wa KUCCPS au wa HELB. Usiku, vitabu vikishafungwa, mpira wa kwenye skrini huanza, na malalamiko nayo huanza. Mshambuliaji anafika langoni, picha inaganda, na ikirudi mpira tayari uko kwa mpinzani.

Wengi huamua papo hapo kwamba mashine imekufa. Wengine humpa fundi pesa "aisafishe", bila kuuliza atasafisha nini. Mara nyingi kompyuta haijachoka. Imepangwa tu kwa kazi ya ofisi, kwa sababu ilitoka ofisini. Laptopu nyingi zinazouzwa Voi na Taveta kwa bei nafuu ni HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizotumika ng'ambo kwa miaka kadhaa kabla ya kuletwa nchini. Zilitengenezwa kwa barua na hesabu. Mchezo zinauweza, ila kwa masharti.

Kwanza ijulikane kinachokwama

Mchezo wa video ni mfululizo wa picha zinazopita upesi, na kila picha huitwa fremu. Kompyuta ikichora fremu 60 kwa sekunde, ina milisekunde 17 hivi za kuimaliza kila moja. Ikichora 30, ina milisekunde 33. Kinachomuudhi mchezaji si idadi ndogo pekee, bali idadi inayopanda na kushuka. Fremu 30 zisizoyumba huchezeka vizuri kuliko 60 zinazoanguka hadi 20 kila watu wanapojaa mbele ya lango.

Katika baadhi ya michezo fremu ndiyo saa yenyewe. Sylvia Gathoni, Mkenya anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, amejipatia sifa katika mchezo wa mapigano wa Tekken. Katika Tekken 7 kila pigo hupimwa kwa fremu 60 za sekunde, na ngumi ya haraka kabisa ya wahusika wengi hufika katika fremu ya 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Kompyuta isiyoweza kushikilia fremu 60 haiharibu sura ya picha tu. Huupunguza mwendo wa pambano lote.

Kabla ya kubadilisha chochote, mtumiaji afungue mchezo, acheze dakika chache, kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la "Task Manager" litaonyesha nani anafanya kazi kupita kiasi. Kumbukumbu ya RAM ikiwa imejaa, kivinjari chenye kurasa kumi na mbili ndicho cha kufungwa kwanza. Diski ikisoma asilimia 100 kila wakati, tatizo ni diski ya zamani ya kuzunguka. Sehemu ya "GPU", ambayo ndiyo mchoraji wa picha, ikiwa juu kabisa huku nyingine zimetulia, dawa iko ndani ya mipangilio ya mchezo. Na kama vyote vimetulia lakini wachezaji wanarukaruka, hilo ni la mtandao, na hakuna kitufe cha kompyuta kitakachoondoa hali hiyo.

Marekebisho yasiyo na gharama

La kwanza ni chaja. Laptopu inayotumia betri hujipunguza nguvu yenyewe ili betri idumu, kwa hiyo mchezo uchezwe chaja ikiwa imechomekwa. Kisha katika mipangilio ya Windows, sehemu ya umeme na betri, mtumiaji achague utendaji wa juu badala ya kuhifadhi umeme. Katika "Task Manager" hiyo hiyo kuna orodha ya programu zinazojiwasha kompyuta inapowaka. Zisizojulikana kazi yake zisifutwe ovyo, lakini zile za muziki, za mikutano ya video na za kuhifadhi faili mtandaoni zinaweza kuzuiwa zisijiwashe bila madhara.

Kitufe cha "Game Mode" kiachwe kikiwa kimewashwa. Hakifanyi miujiza, ila huzuia Windows kusakinisha draiva kupitia masasisho yake katikati ya mchezo.

Draiva ya picha, yaani programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na mchoraji wa picha, ichukuliwe kwenye tovuti ya Intel, AMD au NVIDIA, kulingana na kifaa kilichomo, au kupitia masasisho ya Windows yenyewe. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitatafuta draiva zote na kuongeza kasi kwa mbofyo mmoja hazihitajiki, na baadhi huingia na wageni wasioalikwa.

Baada ya hapo mtumiaji aingie katika mipangilio ya mchezo wenyewe. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kwingine kote. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600 za kuchorwa katika kila fremu. Ya 1280 kwa 720 ina nukta 921,600, yaani chini ya nusu. Kwa hiyo badiliko hilo moja humtua mchoraji zaidi ya nusu ya mzigo wa nukta, na ingawa picha hufifia kidogo, kwenye skrini ya laptopu ya inchi 14 wengi huzoea baada ya mechi mbili. Vivuli vifuate: viwekwe kiwango cha chini kabisa au vizimwe. Nyasi za mbali, maakisi ya maji na ulainishaji wa kingo navyo vipunguzwe. Watazamaji wa uwanjani hawafungi mabao, basi nao wapunguzwe.

Mipangilio ibadilishwe mmoja mmoja, na kila mara ijaribiwe mahali pale pale pa mchezo. Anayebadilisha kumi kwa pamoja hatajua ni upi uliosaidia na ni upi uliochafua picha bure.

Joto la Taveta na vumbi la Voi

Kuna dalili moja ambayo wakazi wa maeneo haya wanaijua bila kujua jina lake. Mchezo huanza vizuri, lakini baada ya robo saa hivi unakuwa mzito, feni inalia kama inataka kuruka, na sehemu ya chini ya laptopu haigusiki. Prosesa nyingi za laptopu zina kikomo cha joto kilicho karibu na nyuzi 100. Zikikikaribia hujipunguza mwendo zenyewe zisiungue. Mtumiaji huona kasi imeanguka na kudhani ni virusi.

Kompyuta hujipoza kwa hewa ya chumbani, na hewa ya chumba cha mabati saa nane mchana haipozi kitu. Kucheza asubuhi au usiku ni marekebisho ya kompyuta sawa na mengine yote. Laptopu isiwekwe juu ya kitanda, godoro wala mapaja, kwa maana nyingi huvuta hewa kutoka chini. Meza ngumu, na vifuniko viwili vya chupa vilivyowekwa chini ya kingo za nyuma kuiinua, huleta nafuu ambayo haigharimu hata shilingi.

Vumbi ni adui wa pili. Vumbi jekundu la barabara huingia na feni na kukaa kwenye mapezi membamba ya chuma yanayopoza prosesa, mpaka yanafanana na blanketi. Kompyuta izimwe kabisa, chaja ichomolewe, kisha matundu yasafishwe kwa brashi laini na hewa ya kupuliza. Feni ishikiliwe isizunguke wakati wa kupuliza, kwa sababu ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuharibika. Kupuliza kwa mdomo kuepukwe, kwani mate ni maji. Laptopu iliyotumika miaka mingi pia hufaidika fundi akibadilisha ile dawa ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoza, ambayo hukauka. Hiyo ndiyo kazi anayopaswa kuulizwa fundi anaposema ataisafisha mashine.

Njia nyingine, ambayo wachezaji wengi huipinga mpaka waijaribu, ni kuweka kikomo cha fremu 30 ndani ya mchezo. Mashine inayokimbilia fremu 50 na kuchemka huishia kwenye 22. Iliyofungiwa 30 hufanya kazi ndogo, hupoa, na hubaki na 30 hiyo mpaka mwisho wa mechi.

Stima, sola na mpaka

Stima ikipotea, laptopu yenye betri nzima huendelea. Kompyuta ya mezani huzimika hapo hapo, na ikizimika wakati inaandika kwenye diski, faili huweza kuharibika, ikiwemo ile insha ya shule iliyokuwa wazi nyuma ya mchezo. Mwenye kompyuta ya mezani, hasa anayeendesha kibanda cha michezo, aipe UPS kabla ya kuinunulia kitu kingine chochote. Isichomekwe pia kwenye kebo moja ya upanuzi na friji au pasi.

Kwa nyumba zinazotegemea sola, hesabu ni hii. Chaja nyingi za laptopu hizi huandikwa wati 45 au 65, na wakati wa mchezo mashine huweza kukaribia kiwango hicho. Wati 65 kwa saa tatu ni wati-saa 195. Betri ya maji ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa jumla, lakini isitumiwe zaidi ya nusu ili idumu, maana yake 600. Mechi za saa tatu basi hula karibu thuluthi moja ya umeme wa usiku, kabla ya taa, redio na simu, na kabla ya ule unaopotea ndani ya inveta. Hili ni jambo la kukubaliana nyumbani mapema, si saa tatu usiku taa zikizimika.

Kuhusu mtandao, umbali haupunguzwi kwa mipangilio. Mwanga ndani ya nyaya husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka hapa hadi London ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi huchukua milisekunde 70 hata kabla ya kuhesabu mizunguko ya nyaya zinazopita baharini kutoka Mombasa. Mchezo ukitoa nafasi ya kuchagua seva, ichaguliwe iliyo karibu zaidi.

Wakazi wa Chala wana jambo lao la ziada. Simu inayotumiwa kugawa intaneti inaweza kushika mnara wa ng'ambo ya mpaka, na mtumiaji akalipa bei ya ugenini kwa data ya mechi moja. Katika mipangilio ya simu, uchaguzi wa mtandao uwe wa mkono badala ya kujichagulia, na data ya ugenini izimwe. Kwenye Windows, muunganisho huo uwekewe alama ya "metered connection", ili masasisho makubwa yasipakuliwe kimyakimya kwa bando la simu.

Vya kununua, kwa mpangilio huu

Laptopu isiyo na kadi yake ya picha humwazimia mchoraji sehemu ya RAM. Kwa hiyo yenye GB 4 ina njaa mara mbili. Kuongeza kijiti cha pili cha RAM, mashine ifanye kazi na viwili kwa pamoja, huleta tofauti inayoonekana wazi. Aina ihakikishwe kwanza: DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Kinachofuata ni SSD badala ya diski ya kuzunguka. Huifanya michezo ifunguke upesi na kuondoa kuganda kwa diski, ingawa haiongezi fremu nyingi.

Anayetaka kununua laptopu nyingine ajue kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 huhitaji TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 au zaidi. Swali la kizazi liulizwe dukani kabla ya swali la bei.

Flash ya rafiki

Mchezo unaogawanywa kwa flash bila malipo mara nyingi huja na maelekezo ya kuzima kinga ya Windows kwanza, "ndiyo ufanye kazi". Wapo wanaozima wakidhani ni njia ya kuongeza kasi pia. Faida yake ni ndogo, na hasara yake haihusu mchezo. Kompyuta hiyo hiyo imehifadhi nywila za barua pepe, eCitizen, KRA na HELB, na programu iliyojificha ndani ya mchezo inaweza kuzichukua zote kwa usiku mmoja huku mpira ukiendelea bila kukwama. Michezo halali isiyo na malipo ipo, mathalani eFootball ya Konami, na hakuna kati yake inayodai kinga izimwe.

Aliyekwisha kuzima kinga na kufungua faili kama hilo aikate intaneti kwanza, awashe tena "Windows Security", kisha afanye uchunguzi wa "Microsoft Defender Offline", ambao huizima na kuiwasha kompyuta upya kabla ya kukagua. Nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine, si kompyuta hiyo, zikianza na ya barua pepe, kwa kuwa hiyo ndiyo inayofungua nyingine zote. Kama mzazi ndiye mwenye akaunti, aambiwe usiku huo huo.