Pima Kamba Kabla ya Kupanda Juu



Kijana mmoja wa kijiji jirani amerudi nyumbani akitembelea magongo. Alikwenda mjini kufanya kibarua cha kuezeka ghala. Siku ya nne aliteleza juu ya bati, akaanguka, akavunjika mguu. Jambo lililotushangaza ni hili: alikuwa amevaa mkanda wa usalama, na kamba alikuwa ameifunga.

Jioni tulipokutana darasani, mama mmoja mwanakisomo akauliza: "Mwalimu, kama alivaa mkanda, mbona alivunjika?" Tukaona swali hilo ndilo liwe somo letu la safari hii. Vijana wetu wengi wanakwenda kufanya kazi za juu: mapaa, minara, matangi ya maji, maghorofa. Tujifunze kabla hawajaondoka.

Hesabu ya ubaoni

Tulikwenda kumwona yule kijana, akatueleza yote. Asubuhi msimamizi aliwagawia mikanda akasema, "Vaeni, tusije tukapigwa faini." Namna ya kuitumia hakuna aliyewafundisha. Yeye alifunga kamba kwenye kenchi. Kenchi ilikuwa mita 4 toka chini. Kamba ilikuwa ya kawaida, urefu wake mita 3.

Pete ya mkanda inakaa mgongoni, kati ya mabega. Toka pete hiyo hadi kwenye nyayo za mtu mzima ni kama mita 1 na nusu. Haya, tukaandika ubaoni:

Urefu wa kamba: mita 3
Toka pete hadi nyayo: mita 1.5
Jumla: mita 4.5
Toka kenchi hadi chini: mita 4

Mmeona? Imezidi nusu mita. Miguu yake ilifika chini kabla kamba haijakaza. Mkanda haukukatika, wala kamba haikukatika. Kilichokosekana ni hesabu. Na hesabu hiyo kila mwanakisomo anaiweza.

Mkanda wa namna gani?

Chagua mkanda wa mwili mzima. Huu una mishipi ya mabegani, ya kifuani na ya mapajani. Mtu akianguka, uzito unagawanyika mapajani na mabegani. Mkanda wa kiunoni peke yake usiutumie kuzuia kuanguka. Ukikaza ghafula unaweza kuumiza tumbo na uti wa mgongo, au mtu akachomoka. Huko Marekani mkanda wa kiunoni ulikatazwa kwa kazi hiyo tangu tarehe 1 Januari 1998.

Soma kibandiko kilichoshonwa kwenye mkanda. Tafuta mwaka uliotengenezwa, uzito wa mtu unaoweza kubebwa na namba ya kipimo cha ubora. Mikanda mingi ya mwili mzima ina namba EN 361. Mkanda usio na kibandiko, au wa mtumba usiojua umepitia nini, usiununue hata ukiwa wa bei ya chini.

Kamba nayo iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi hii, yenye kipunguza mshtuko. Hiki ni kifurushi kidogo cha utepe uliokunjwa na kushonwa. Mtu akianguka, nyuzi zinafumuka polepole na nguvu ya mshtuko inapungua. Kinafanya kazi kama shokapu ya pikipiki. Kamba ya katani ya kufungia mbuzi haina shokapu.

Kagua kila siku kabla ya kuvaa

1. Pitisha vidole kwenye mishipi yote. Tafuta palipokatika, palipoungua, palipochakaa au palipokakamaa kwa rangi na saruji.
2. Tazama mishono. Uzi ukifumuka, mkanda huo haufai.
3. Tazama pete, vifungo na kulabu. Kutu, ufa au kupinda ni hatari.
4. Kama mkanda au kamba vimewahi kuzuia mtu kuanguka, hata mara moja, viondoe kazini. Nguvu yake imekwisha hata kama kwa macho vinaonekana vizima.

Baada ya kazi, tundika mkanda mahali pakavu penye kivuli. Jua kali huchakaza nyuzi, na panya huzitafuna.

Namna ya kuvaa

Shika pete ya mgongoni, inua mkanda, utikise mishipi inyooke. Vaa mabegani kama koti. Funga mishipi ya mapajani, halafu wa kifuani. Kaza mpaka kiganja kilichonyooshwa kipite kati ya mshipi na paja, lakini ngumi isipite. Mwenzako atazame kama pete imekaa kati ya mabega. Peke yako huwezi kuiona.

Funga wapi?

Funga juu ya kichwa chako kila inapowezekana, usifunge miguuni. Ukifunga miguuni, unaanguka mbali zaidi kabla kamba haijakaza. Tena pawe juu yako wima. Ukifunga mbali kwa upande, utabembea kama pendulo na kugonga ukuta.

Mahali pa kufungia pawe imara kweli. Kanuni za Marekani zinataka pabebe karibu kilo 2,268 kwa kila mtu. Hayo ni kama magunia 22 ya kilo mia mia! Sasa basi, bomba la maji, mti wa jukwaa au mbao iliyopigiliwa misumari miwili, vitabeba magunia 22? Kama hujui, muulize fundi mkuu kabla hujapanda.

Kisha fanya hesabu kamili ya kamba yenye kipunguza mshtuko:

Urefu wa kamba: mita 2
Kipunguza mshtuko kikifunguka: hadi mita 1.75
Toka pete hadi nyayo: mita 1.5
Akiba ya usalama: mita 1
Jumla: mita 6.25

Maana yake, toka mahali ulipofunga hadi chini pasipungue mita 6 na sentimita 25, na katikati pasiwe na kitu cha kugonga. Vipimo vya vifaa hutofautiana, kwa hiyo soma karatasi ya maelezo inayokuja navyo.

"Je, kama nyumba ni fupi, kama lile ghala?" Hapo kamba ya kuzuia kuanguka haitakuokoa. Tengenezeni jukwaa lenye mbao za kuzuia pembeni. Au tumia kamba fupi isiyokuruhusu kufika ukingoni kabisa. Na kazi inayoweza kufanyika chini, kama kukata na kupima mbao, ifanyike chini.

Mwenzetu akining'inia

Mkanda ukimzuia mtu, kazi bado haijaisha. Anayening'inia bila kusogea, damu hujikusanya miguuni. Anaweza kuzimia, hata kufa. Mshusheni haraka, ni jambo la dakika. Wakati anangoja, achezeshe miguu yake. Akishuka, mpelekeni hospitali hata akisema hajambo. Kwa hiyo ngazi na watu wa kumshusha wawe tayari kabla kazi haijaanza. Mtu asifanye kazi ya juu akiwa peke yake.

Haki yako

Hapa Tanzania ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, kwa wanaoumia kazini. Kudai mkanda mzima na mafunzo si ujeuri. Wako wanaosema, "Mimi nimezoea." Hata yule kijana alikuwa amezoea kupanda minazi tangu utotoni.

Ametuomba tuwaambie wenzake neno moja: kabla ya kupanda, pima kamba, pima na nafasi. Tunamshukuru, na tunamwombea mguu upone.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini mkanda wa kiunoni haufai kuzuia kuanguka?
2. Kamba ni mita 2, kipunguza mshtuko kinafunguka mita 1, toka pete hadi nyayo ni mita 1.5, akiba ni mita 1. Toka mahali pa kufungia hadi chini ni mita 5. Je, inatosha?
3. Katika kijiji chenu, ni kazi gani zinafanyika juu? Pimeni urefu wa paa la shule au la ghala. Mngefunga kamba wapi?
4. Mwenzenu akining'inia leo, nani angemshusha, na kwa ngazi ipi?