Mkeka wa Jajja na Haki ya Jasho Lake



Ndugu zangu katika Uislamu, mwanzoni mwa muhula nilinunua mkeka wa chumbani kwa jajja mmoja aliyeketi kando ya barabara hapa Kampala. Alitaka shilingi 40,000. Ilikuwa jioni, wingu limetanda, naye alikuwa akitafuta nauli ya kurudi kijijini. Nikamwambia mkeka umesukwa vibaya, ingawa sikuona kasoro yoyote. Akanipa kwa 20,000. Niliondoka nikijisifu, mpaka tulipofika somo la fiqhi ya biashara.

Tuanze na kazi yenyewe. Makuti machanga ya mkindu, Waganda huyaita ensansa, hukatwa, huanikwa juani na kuchanwa vipande vyembamba. Yanayotiwa rangi huchemshwa. Kisha husukwa ukili mrefu, na kili hizo hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka utimie. Ni kazi ya siku nyingi, na mara nyingi mwanamke huifanya baada ya shamba, jiko na watoto.

Dini yetu imeipa heshima kazi hii. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas (r.a.) kwamba bibi yake, Mulayka, alimwalika Mtume (s.a.w.) chakula. Baada ya kula, Mtume akawaswalisha juu ya mkeka uliokuwa mweusi kwa kutumika sana, Anas akiwa ameunyunyizia maji. Bukhari pia amepokea kwa Sahl bin Sa'd (r.a.) habari za mwanamke aliyemletea Mtume nguo aliyoifuma kwa mkono wake, naye akaipokea akiwa na haja nayo.

Je, kupatana bei ni haramu? Hapana. Mtume (s.a.w.) alipatana na Jabir (r.a.) bei ya ngamia. Lakini walipofika Madina alimlipa bei yake, kisha akamrudishia na ngamia.

Mipaka ni hii:

1. Kuridhiana. Suratun-Nisaa, aya ya 29, imeijenga biashara juu ya ridhaa ya pande mbili. Wanazuoni wamejadili sana uuzaji wa mtu aliyebanwa na shida, na wengi wamechukizwa na mnunuzi anayeitumia shida hiyo.

2. Kutopunja. Katika Suratul-A'raaf, aya ya 85, Nabii Shu'ayb (a.s.) anawakataza watu wake kuwapunguzia watu vitu vyao. Imam Qurtubi anaeleza kuwa kupunja huko kunaingia hata katika kuitia bidhaa kasoro na kuidunisha.

Hapo ndipo nilipojiona. Mauziano yangu hayakubatilika, kwani jajja alikubali. Lakini nilisema uongo juu ya kazi ya mikono yake, na uongo ule ndio ulioniokolea 20,000.

Jumamosi iliyofuata nilirudi nazo. Hakuwapo, jirani yake akasema ameenda kijijini. Bahasha bado iko mezani kwangu, na kila nikipita barabara ile natazama kama amerudi.

Maswali ya halaqa: Mara ya mwisho kuidunisha bidhaa ya mtu ili bei ishuke ilikuwa lini? Ukibadilishana naye nafasi, ungeridhika?

Wabillahi tawfiiq.