Nianze na paa au ukuta?

SWALI: Nyumba aliyotuachia marehemu baba hapa Ng'ambo, Tabora, ni ya matofali mabichi. Bati limetoboka, ukuta una nyufa, na fedha ni za kudunduliza. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na paa. Kuta za udongo si duni. Hata tembe la Kwihara, karibu na hapo Tabora, alikokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872, lilikuwa la udongo. Adui wa udongo ni maji. Mvua za Tabora huanza kama Novemba, basi bati liwe limekwisha kupigwa kufikia Oktoba.

Kabla ya kununua bati, panda juu uchome kenchi kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mchwa wamekwishakula. Mbao hizo zibadilishwe, na mpya zipakwe dawa. Baada ya paa, chimba mfereji wa kuondoa maji kwenye msingi, kisha ziba nyufa. Umeme utangulie lipu, rangi iwe ya mwisho. Lipu ya saruji tupu usiikubali: haishikani vizuri na udongo, na hufungia unyevu ukutani.

Kwa bajeti, mwambie fundi aorodheshe vifaa kando na ufundi kando, kisha ulinganishe bei madukani. Tenga asilimia 15 ya dharura. Nyumba kuukuu haikosi la kuzuka. Vifaa nunua mwenyewe, ufundi lipa kwa hatua. Ukitaka kubomoa au kuongeza chumba, pitia kwanza manispaa upate kibali.

Fedha zikiishia kwenye paa, simama hapo. Rangi itasubiri, mvua haisubiri.