Mpaka Ukisogea, Uliza Mlango Uko Wapi: Somo kwa Matawi, kutoka Kisenyi



Katika mikutano ya tawi letu hapa Kisenyi, maswali yanayoletwa hayahusu mshahara peke yake. Mwenzetu anatoka kwenye mashine ya kusaga mahindi, vumbi la unga bado liko kichwani. Akifika nyumbani anakuta mtoto amefukuzwa shule kwa kukosa mchango, mtaro umefurika mpaka mlangoni, na majirani wananong'ona kwamba mipaka ya jiji itasogezwa tena. Anatuuliza: "Jamani, haya yote nani anahusika nayo?"

Wapo wanaosema kwamba hayo si mambo ya chama. Sisi tunasema ni ya chama. Nyongeza ya mshahara tuliyoipigania mwaka mzima inaweza kumalizwa na mtaa kwa mwezi mmoja: mchango huku, ushuru kule, dawa ya mtoto aliyekunywa maji machafu. Kwa hiyo leo tujifunze jambo moja tu: kuujua mlango wa mwenye madaraka, na kitabu chake cha hesabu.

1. Jinsi Kisenyi ilivyobadilishiwa wakubwa

Kisenyi ni bonde chini ya kilima cha Mengo, karibu na mfereji wa Nakivubo. Enzi ya ukoloni palikuwa na miji miwili iliyokaa ubavu kwa ubavu. Upande mmoja ilikuwa Kampala ya Waingereza, iliyofanywa manispaa mwaka 1949 na jiji mwaka 1962. Upande wa pili ulikuwa Kibuga, mji mkuu wa Kabaka, uliotawaliwa na Omukulu w'Ekibuga na machifu wa miruka. Kisenyi ilikuwa ndani ya Kibuga. Ardhi yake nyingi ilikuwa mailo, yaani ile waliyogawiwa wakubwa kwa Mkataba wa mwaka 1900. Kabwela alijenga chumba chake juu ya kiwanja cha mtu mwingine na kukilipia kodi.

Mfanyakazi alishinda Kampala na kulala Kibuga. Jasho lake lilinufaisha upande mmoja wa mpaka, na uchafu wake ukabaki upande mwingine. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili, Aidan Southall na Peter Gutkind, waliichunguza Kisenyi pamoja na Mulago. Waliyoyaandika juu ya msongamano wa vyumba na watu waliotoka kila upande, mzee wa Kisenyi wa leo angeyatambua.

Watu hawakunyamaza. Januari 1945 wafanyakazi waligoma katika Uganda. Aprili 1949 palitokea ghasia katika Buganda, na moja ya madai makubwa lilikuwa kwamba wananchi wachague machifu wao wenyewe. Tuliangalie vizuri dai hilo. Watu wale hawakusema, "Tupeni chifu mpole." Walisema, "Tumchague." Tofauti ni kubwa.

Mwaka 1966 Lubiri ya Kabaka ilishambuliwa na jeshi la serikali, na mwaka 1967 falme zikafutwa. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilipanuliwa ikameza Mengo, Kawempe, Nakawa na sehemu nyingine. Kisenyi ikalala ndani ya Kibuga, ikaamka ndani ya Halmashauri ya Jiji. Hakuna mpangaji aliyeulizwa.

Baada ya mwaka 1986 yaliletwa Mabaraza ya Upinzani, yaani RC, yenye kamati ya watu 9 katika kila mtaa. Baadaye yaliitwa LC. Mwanzo ulikuwa mzuri, kwa sababu mtu aliweza kumkabili mwenyekiti wake dukani. Lakini baada ya uchaguzi wa mwaka 2001, uchaguzi wa LC 1 haukufanyika tena mpaka Julai 2018. Hiyo ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kura ile alikuwa karibu mtu mzima kabla mtaa wake haujapiga kura nyingine. Kiongozi asiyerudi kwa watu miaka 17 hawezi kuwaogopa, hata akiwa na moyo mwema.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalisema kwamba Kampala itaendeshwa na Serikali Kuu. Sheria ya mwaka 2010 ikaunda Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, iliyoanza kazi mwaka 2011. Hapo pana viti viwili. Meya Mkuu huchaguliwa kwa kura. Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye mkuu wa shughuli na watumishi, huteuliwa na Rais. Mwaka 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa Meya Mkuu, Erias Lukwago, na mambo yakaishia mahakamani. Mwaka 2016 wapiga kura wakamchagua tena. Wakubwa walipokuwa wakivutana juu ya kiti, mtaro wa Kisenyi haukuacha kufurika.

Wala si Kampala peke yake. Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilivunjwa mwaka 1983 ikawekewa tume. Mwaka 2020 kazi kubwa za Kaunti ya Nairobi zikakabidhiwa Serikali ya Taifa. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa mwaka 1996 na tume ikashika kazi hadi mwaka 2000. Ikavunjwa tena mwaka 2021, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa ufanisi. Huenda sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Swali la mfanyakazi ni jingine: baada ya mabadiliko, je, tunao bado uwezo wa kumwita aliyeshika madaraka aje atueleze?

2. Mpaka si mstari tu

Wenzetu wengi wanaofanya kazi mjini wanalala Wakiso au Mukono, kwa sababu chumba cha mjini hawakiwezi. Sheria ya mwaka 2010 iliweka pia chombo cha kupanga miji kwa Kampala pamoja na wilaya jirani za Mpigi, Wakiso na Mukono. Kila inapozungumzwa habari ya kupanua jiji, Mengo hupinga kwa kutetea ardhi na mamlaka ya Buganda. Wenye viwanja wanahofia kodi mpya. Na wapo wananchi wanaosema, "Acheni jiji lije, pengine tutapata taa za barabarani." Hawa wote wana sababu zao, na chama kisiwadharau.

Lakini tuangalie Kiteezi. Mahali hapo pako Wakiso, nje ya mpaka wa Kampala, na ndipo taka za jiji zilipokuwa zikimwagwa tangu miaka ya 1990. Taka za Kisenyi nazo zilikwenda huko. Agosti 2024 mlima ule wa taka uliporomoka ukafunika nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wakazi wa Kiteezi hawakuwa wapiga kura wa jiji lililowamwagia taka. Baada ya maafa, Rais aliwafukuza kazi wakubwa wa KCCA, akiwamo Mkurugenzi Mtendaji. Aliyewateua ndiye aliyewaondoa. Wananchi wa Kiteezi hawakuwa na njia ya kuwaondoa kabla maafa hayajatokea.

Hatusemi mpaka usogee, wala hatusemi usisogee. Tunasema kwamba mpaka unamgawa mtu na mwenye kumtendea. Ukisogezwa bila kuwapa watu mlango wa kubisha, kilichobadilika ni bendera ya ofisi tu.

3. Shule ni ya nani?

Elimu ya msingi ya bure, UPE, ilianza mwaka 1997. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inakataza shule za mpango huo kumtoza mzazi malipo. Inaruhusu michango ya hiari pakiwa na jambo la dharura, lakini kwa kibali cha wakubwa wa elimu. Tena inakataza mtoto kuzuiwa kusoma kwa sababu mzazi hakuchanga.

Shule ya msingi ina Kamati ya Usimamizi, na shule ya sekondari ina Bodi ya Magavana. Watu wengi hudhani kwamba kamati ni ya mwalimu mkuu. Sivyo. Ndani yake wamo wajumbe wa waasisi wa shule, kama vile kanisa au msikiti, wajumbe wa serikali ya mtaa, wa walimu, na wa wazazi. Wajumbe wa waasisi ndio wengi. Wa wazazi ni wachache, na huchaguliwa katika mkutano wa mwaka wa wazazi. Ukikosa mkutano huo, umewaachia wengine wakuchagulie.

Kamati isiyolindwa na wazazi haina nguvu ya kuilinda shule. Tukumbuke Shimoni. Mwaka 2006 shule ya mazoezi na chuo cha ualimu viliondolewa katika uwanja wao katikati ya Kampala, ili ijengwe hoteli kubwa kabla ya mkutano wa Jumuiya ya Madola wa Novemba 2007. Mkutano ulikuja ukapita, hoteli haikuwa imejengwa. Shule ilikuwa imekwisha bomolewa.

Sasa tutazame mfano wenye matumaini, nao ni wa nchi yetu. Mwaka 1996 shule za msingi 250 zilichunguzwa. Ikaonekana kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 za ruzuku ambazo serikali kuu ilitoa kwa ajili ya shule, zilizofika shuleni zilikuwa 13 tu kwa wastani. Nyingi kati ya zilizobaki zilikwama mikononi mwa maofisa njiani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zilizofika zilizidi shilingi 80 katika kila 100. Palikuwa na mabadiliko mengine pia wakati ule, lakini karatasi ya ukutani ilifanya kazi yake. Mwizi hapendi taa.

4. Yaliyotupata sisi

Hapa lazima tujikosoe. Miaka michache iliyopita watoto wa wanachama wetu 11 walirudishwa nyumbani kutoka shule moja kwa sababu ya mchango wa kujenga ukuta. Tulikwenda kwa mwalimu mkuu, akasema hayo ni maamuzi ya kamati. Tukamwendea mwenyekiti wa kamati, akasema ukuta ni kazi ya jiji. Tukaenda ofisi ya jiji, tukaambiwa turudi kwa waasisi wa shule. Siku tatu tulibisha milango mitatu. Mwenzetu mmoja, mbeba magunia, alipoteza kibarua chake kwa ajili ya siku hizo tatu.

Siku ya nne tulifanya tulilopaswa kulifanya mwanzo. Tuliketi na kijana mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, tukaisoma ile sheria kifungu kwa kifungu. Sisi wengine tuliishia darasa la saba, lakini jambo likielezwa polepole tunalielewa. Kisha tukaandika barua moja yenye maswali matatu: Mchango huu ulipitishwa na mkutano gani? Kibali cha wakubwa wa elimu kiko wapi? Stakabadhi za waliokwisha lipa ziko wapi? Tukapeleka nakala kwa milango yote mitatu siku ile ile, na kila mahali tukaomba wagonge mhuri wa kupokea.

Wiki ile ile watoto waliitwa darasani. Fedha za waliokwisha lipa hazikurudishwa mpaka leo, na ukuta uliishia nusu. Hatutawadanganya kwamba tulishinda kila kitu.

Tena katika kumbukumbu za mkutano wa wazazi tulikuta aibu yetu. Mkutano ulifanyika kweli. Ulikuwa siku ya kazi saa nne asubuhi, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyehudhuria, mwaka ule wala mwaka uliotangulia. Mkutano uliofuata tuliomba ufanywe Jumapili mchana. Mama mmoja auzaye chakula karibu na stendi ya mabasi alichaguliwa kuwa mjumbe wa wazazi. Tangu hapo stakabadhi zinatolewa.

5. Kazi ya tawi

Ndugu, haya si mageni kwetu. Kiwandani hatuendi kwa tajiri kabla ya kuusoma mkataba. Hatukubali maneno matupu bila maandishi. Hatumtumi mtu mmoja peke yake, kwa sababu mmoja hufukuzwa. Basi tuufuate utaratibu huo huo mtaani:

Kwanza, kila tawi liwe na daftari la milango: taka ni ofisi gani, mtaro ni nani, shule ni nani, na mwenye mlango huo amewekwa na nani.

Pili, tudai hesabu zibandikwe mahali panapoonekana, shuleni na kwenye ofisi ya LC.

Tatu, mkutano wa wazazi na mkutano wa mtaa tuuhesabu kama mkutano wa chama. Asiyeweza kuja kwa sababu ya zamu amwombe mwenzake amletee habari.

Nne, habari ya kusogeza mipaka ikija, tusikimbilie kushangilia wala kulaani. Tuulize: Kodi itakuwa kiasi gani? Mpangaji ana haki gani? Nani tutamchagua, na nani atateuliwa juu yetu?

Maswali ya kujadili tawini

(a) Katika mtaa wako, nani anayeshughulikia taka? Umewahi kufika ofisini kwake?

(b) Mjumbe wa wazazi katika shule ya mtoto wako ni nani? Alichaguliwa lini?

(c) Je, ni afadhali kiongozi hodari aliyeteuliwa, au kiongozi wa kawaida tunayeweza kumwondoa? Jadilianeni bila kuogopana.

(d) Wewe mwenyewe ulihudhuria mkutano wa mtaa lini mara ya mwisho?

Swali la mwisho lijibiwe kwanza na viongozi wa tawi, sisi tulioandika somo hili tukiwamo.